E6 na E7: jinsi virusi vya papiloma vinavyotengeneza protini za saratani ndani ya seli

Ukichukua kipande cha uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, ukakiweka chini ya hadubini kali kuliko zote na kutafuta virusi ndani yake, kwa kawaida hutaona hata kimoja. Hutaona maganda ya virusi wala virusi vichanga vinavyosubiri kutoka. Ndiyo maana kwa muda mrefu lawama ilielekezwa kwingine: katika miaka ya 1970 watafiti wengi waliamini kwamba chanzo cha saratani hii ni virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Harald zur Hausen, daktari wa Ujerumani, hakukubaliana nao. Aliacha kutafuta kirusi kizima, akatafuta maandishi yake ya urithi. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitangaza kuwa wamepata DNA ya virusi vya papiloma vya binadamu, HPV, aina ya 16, ndani ya uvimbe huo, na mwaka uliofuata wakatangaza aina ya 18. Aina hizi mbili peke yake ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Kama kirusi chenyewe hakionekani ndani ya uvimbe, ni nini basi kinachoisukuma seli igawanyike bila kukoma? Jibu fupi ni protini mbili za kirusi, E6 na E7. Maelezo mengi huishia hapo: E6 huangamiza mlinzi wa seli aitwaye p53, E7 huangamiza mwingine aitwaye Rb, mwisho wa habari. Si uongo, lakini maelezo hayo yanaruka swali ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Watu wengi mno wanaojamiiana hukutana na HPV wakati fulani maishani, na kila kirusi cha aina hatari hubeba jeni za E6 na E7. Mbona basi wengi wao hawapati saratani kamwe? Kwa takriban watu tisa katika kila kumi, maambukizi hudhibitiwa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili hivi.

Kinachotenganisha maambukizi yanayopita na yale yanayoua ni namna protini hizo zinavyotengenezwa: zinatengenezwa kwenye seli zipi, kwa kiasi gani, na mkono wa nani uko kwenye koki.

Duara la herufi 7,900

HPV ni kirusi kidogo sana. Maelezo yake yote ya urithi yameandikwa kwenye duara moja la DNA lenye jozi takriban 7,900 za herufi, ilhali maelezo ya binadamu yana jozi takriban bilioni tatu. Katika duara hilo mna jeni nane hivi. Zile zinazoanza na herufi E hutumika mapema baada ya maambukizi, na mbili zinazoanza na L, yaani L1 na L2, hutumika mwishoni kutengeneza ganda la kirusi kipya.

Kirusi cha namna hii hakina kiwanda. Hakibebi kimeng'enya cha kunakili DNA yake kuwa RNA, yaani nakala ya muda ambayo protini huundwa kwayo, hakina ribosomu za kuunda protini, hakina hata viungo vya kujengea. Kila kitu hukopa kwa seli. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufika mahali sahihi. HPV huingia kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, ikafikia seli za tabaka la chini kabisa la ngozi au utando laini, kwa sababu hizo ndizo seli zinazoendelea kugawanyika. Ndani ya seli, DNA ya kirusi husubiri saa ya kugawanyika, wakati ukuta wa kiini unapofunguka kwa muda, ndipo ikapenya ndani. Seli iliyoacha kugawanyika haimfungulii mgeni huyu mlango.

Mara inapoingia kiinini, DNA hiyo hukaa kama duara huru pembeni mwa kromosomu za mwenyeji. Haijajichomeka popote. Jambo hili tulishike, tutalirudia.

Koki

Takriban sehemu moja ya kumi ya duara hilo haiandiki protini yoyote. Ni eneo la udhibiti, mahali ambapo protini za seli hutua na kuamua kama jeni za kirusi zisomwe au zisisomwe. Humo mna vituo vya protini kama AP-1 na Sp1, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuwasha jeni za seli yenyewe. Kirusi kimeandika ndani ya DNA yake anwani ambazo protini hizo tayari zinazijua. Mchanganyiko wa protini zinazowasha eneo hilo unapatikana hasa katika seli za ngozi na utando laini, na hiyo ni sababu mojawapo inayokifanya HPV kiwe kirusi cha maeneo hayo na si cha ini au misuli.

Mwishoni mwa eneo hilo ipo promota, yaani alama inayoonyesha kunakili kuanzie wapi. Kwa HPV aina ya 16 promota hiyo huitwa P97, kwa sababu RNA huanza kwenye herufi ya 97. Kwa aina ya 18 huitwa P105, kwa sababu hiyo hiyo. Kimeng'enya cha seli kiitwacho polimerasi ya RNA namba mbili hushika hapo na kuanza kuandika. Jeni ya kwanza inayokutana nayo, herufi chache tu mbele, ni E6. Inayofuata ni E7. Zote mbili huandikwa kwenye uzi mmoja wa RNA mjumbe, pamoja na jeni nyingine zilizo nyuma yao.

Katika maambukizi ya kawaida koki hii hufunguliwa kidogo tu. Seli za tabaka la chini hutengeneza E6 na E7 kwa kiasi kidogo. Seli zinapopanda kuelekea juu, mambo hubadilika: promota nyingine, iliyo ndani ya jeni ya E7 yenyewe, huamka, DNA ya kirusi hurudufiwa kwa wingi, kisha L1 na L2 hutengenezwa, virusi vipya hufungwa kwenye maganda na kutoka pamoja na seli zilizokufa zinazobanduka juu. Mwili hauna namna rahisi ya kugundua, kwa kuwa seli hizo zilikuwa za kufa hata hivyo.

Kwa nini kirusi kizihitaji?

HPV haina faida yoyote katika saratani. Uvimbe hauzalishi virusi vipya, na mgonjwa akifa, DNA ya kirusi iliyo ndani ya uvimbe hufa naye. Ni njia isiyotokea popote. E6 na E7 zipo kwa sababu nyingine kabisa.

Tatizo la kirusi ni hili: virusi vipya vinatakiwa kutengenezwa katika seli za juu, lakini seli za juu zimekwisha acha kugawanyika, na vifaa vya kurudufia DNA zimevifungia. Mshika ufunguo ni Rb, protini inayozishikilia protini nyingine za kundi la E2F zisiwashe jeni za kugawanyika. (Tahadhari: hiyo E2F ni ya seli, haina undugu na E2 ya kirusi tutakayokutana nayo baadaye. Majina yamefanana kwa bahati mbaya.) E7 hujipachika kwenye Rb, E2F ikaachiliwa, na seli iliyokwisha staafu ikaanza tena kurudufu DNA. Mwaka 1989 ilionyeshwa wazi kwamba E7 ya aina ya 16 hushikana na Rb moja kwa moja. E7 za aina hatari hazikomei kwenye kushika tu, bali huifanya Rb ivunjwevunjwe.

Lakini seli haikubali kirahisi kuamshwa hivyo. Ikiona jeni za kugawanyika zimewashwa wakati usiofaa, p53 hupanda, nayo p53 ina uwezo wa kusimamisha mgawanyiko au kuiamuru seli ijiue. Kirusi kilichokuwa na E7 peke yake kingejichomea nyumba. Hapo ndipo E6 inapoingia. E6 hukamata protini ya seli iitwayo E6AP, na wawili hao kwa pamoja huishika p53 na kuibandika alama za yubikwitini, alama ambazo katika lugha ya seli maana yake ni "hiki kitupwe". Proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini zisizotakiwa, huisaga. Kazi hiyo ya E6 juu ya p53 ilielezwa mwaka 1990. Kwa hiyo E7 ndiyo inayoamsha zogo, na E6 ndiyo inayomziba mdomo mlinzi aliyeshtuka. E6 ya aina hatari pia husaidia kuwasha telomeresi, kimeng'enya kinachozuia ncha za kromosomu zisiishe, na hivyo kuipa seli uwezo wa kugawanyika pasipo kikomo.

Kwa kirusi, haya yote ni kwa muda mfupi, ndani ya seli iliyo njiani kubanduka. Madhara huja pale kiasi na mahali vinapovurugika: E6 na E7 zikitengenezwa kwa wingi na bila kukoma ndani ya seli za chini, ambazo hazibanduki na zinazaa seli nyingine.

Uzi mmoja, protini mbili

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo, maana ndipo palipo na ufundi wa kushangaza.

Nimesema E6 na E7 huandikwa kwenye uzi mmoja wa RNA. Kwa bakteria hilo si tatizo, kwani ribosomu zao zinaweza kuanza katikati ya uzi. Ribosomu za binadamu zina tabia nyingine. Hushika mwanzo wa uzi, hutembea hadi kwenye ishara ya kuanza, huunda protini hadi ishara ya kusimama, kisha kwa kawaida huachia. Uzi mmoja, protini moja. Na katika HPV aina ya 16, kati ya ishara ya kusimama ya E6 na ishara ya kuanza ya E7 pana herufi mbili tatu tu. Ribosomu iliyomaliza E6 haina nafasi ya kujipanga upya ili ianze E7.

Ufumbuzi uko kwenye mkasi. RNA za seli zetu, kabla hazijatoka kiinini, hukatwa: vipande visivyohitajika, viitwavyo introni, huondolewa, na vinavyobaki huunganishwa. Virusi vya aina hatari vimeficha introni ndani ya jeni ya E6 yenyewe. Kwa aina ya 16, mkato wa kwanza hupita kwenye herufi ya 226, na ncha hiyo huunganishwa na herufi ya 409. Herufi zipatazo 180 hutolewa.

Tazama linalotokea baada ya hapo. Kama mkasi hautapita, uzi unabaki mzima na ribosomu inaunda E6 kamili. Kama mkasi utapita, usomaji wa E6 huharibika, na muda mfupi baada ya kiungio hujitokeza ishara ya kusimama ambayo kabla haikuwa na maana. Ribosomu huunda kiprotini kifupi, ambacho watafiti hukiita E6 ya nyota, kisha husimama mapema. Sasa kati ya hapo iliposimama na pale E7 inapoanza pana zaidi ya herufi mia moja. Hiyo ni nafasi ya kutosha kwa baadhi ya ribosomu kuendelea kutembea kwenye uzi, kujipanga upya na kuanza E7.

Uamuzi mmoja wa kukata au kutokata ndio unaogawa mzigo kati ya protini mbili za saratani. Katika seli za saratani ya mlango wa kizazi, RNA nyingi za E6 na E7 hukutwa zimekatwa. E6 kamili hutoka kwenye sehemu ndogo iliyoponyoka mkasi.

Wanasayansi hawajakubaliana juu ya kila kipengele. Wapo walioonyesha kwamba E7 huweza kutafsiriwa hata kutoka kwenye uzi usiokatwa, kwa sababu baadhi ya ribosomu hupita ishara ya kuanza ya E6 bila kuiona na kuendelea hadi ya E7. Ishara ya E6 iko karibu mno na mwanzo wa uzi, na ishara zilizo karibu hivyo huwa rahisi kurukwa. Kwa maoni yangu njia hizi mbili hazina haja ya kugombana. Kirusi chenye nafasi finyu kama hiki kingekuwa na kila sababu ya kutumia zote.

Aina za hatari ndogo, kama ya 6 na ya 11 zinazoleta vinyama vya sehemu za siri, hazina mkato huu ndani ya E6. Zenyewe hutumia promota mbili tofauti, moja kwa E6 na nyingine kwa E7. Tofauti hiyo peke yake haielezi kwa nini aina hizo hazileti saratani ya mlango wa kizazi, maana hata protini zenyewe zina nguvu ndogo: E7 yao huishika Rb kwa ulegevu, na E6 yao haiangamizi p53 kama zile za aina hatari. Ila inaonyesha kwamba mkasi ni sehemu ya tabia ya kundi la hatari.

Na mkasi huo nani anauongoza? Seli. Protini za seli za familia ziitwazo SR na hnRNP hutua kwenye RNA na kuamua wapi pakatwe na wapi paachwe, na ishara kutoka nje ya seli huzigusa. Imeonyeshwa maabara kwamba kichocheo cha ukuaji kiitwacho EGF kikiwapo, introni huelekea kubaki na E6 kamili huongezeka. Kikiondolewa, mkasi hupita zaidi, E6 ya nyota huongezeka na E7 hupata nafasi. Kwa maneno mengine, mazingira ya seli yanaweza kubadilisha uwiano wa protini hizi mbili pasipo herufi hata moja ya DNA ya kirusi kubadilika. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliongeza jambo jingine: aina ya 16 hutengeneza pia RNA ya duara, iliyofungwa ncha kwa ncha, yenye E7 ndani yake, na ribosomu zinaweza kuisoma.

Breki inapokatika

Turudi kwenye koki. Kirusi kina breki yake mwenyewe, nayo ni protini E2. Katika eneo la udhibiti la aina ya 16 mna vituo vinne ambavyo E2 inaweza kutua, na viwili kati ya hivyo viko ubavuni mwa promota ya P97, vimebanana na kituo cha Sp1 na mahali ambapo mitambo ya kunakili ya seli inatakiwa kukaa. E2 ikitua hapo, wengine hawana nafasi. Kadiri E2 inavyoongezeka, ndivyo E6 na E7 zinavyopungua. Kwa kuwa jeni ya E2 iko kwenye duara hilo hilo, mfumo wote hujirekebisha wenyewe.

Sasa kumbuka lile duara huru pembeni mwa kromosomu. DNA ya seli hukatika mara kwa mara, hasa katika seli ambazo p53 yake imeondolewa na ambazo zinalazimishwa kurudufu bila kupumzika. Ikitokea DNA ya kirusi nayo imekatika karibu na hapo, mafundi wa seli wa kuunga DNA wanaweza kukosea na kuichomeka ndani ya kromosomu ya mwenyeji. Ili duara lichomekwe katika uzi ulionyooka, ni lazima likatwe mahali fulani. Mahali hapo ndipo hatima ya seli ilipo.

Mkato ukipita ndani ya E6, jeni hiyo imekwisha, na seli haifaidiki kitu. Mkato ukipita ndani ya E2, eneo la udhibiti pamoja na E6 na E7 hubaki mazima, lakini breki imekatika. Seli ya namna hiyo hugawanyika kwa kasi kuliko jirani zake, na baada ya vizazi vingi vya seli, ni uzao wake uliojaa mahali hapo. Ndiyo maana tunapopima uvimbe tunakuta mara nyingi E2 ndiyo iliyoharibika. Tusidhani kwamba kirusi kilichagua kukatwa pale. Mikato hutokea huku na huko, na sisi tunaona ile tu iliyoipa seli ushindi. Nakazia hili kwa sababu watu wengi husimulia uchomekwaji kama shambulio lililopangwa. Ni ajali, na kwa kirusi ni kaburi, kwa kuwa DNA iliyokatwa na kuchomekwa hivyo haiwezi tena kuzalisha virusi kamili.

Kukatika kwa breki kuna madhara ya pili yanayosahaulika. RNA huwa na mkia wenye maelekezo yanayosaidia kuamua itaishi muda gani. Baada ya uchomekwaji, kunakili hupitiliza mpaka ndani ya DNA ya binadamu, na uzi unaotoka ni mchanganyiko: mwanzo wa kirusi, mkia wa binadamu. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba nyuzi hizi mchanganyiko za E6 na E7 hudumu zaidi kuliko zile za kirusi kilicho huru. Kwa hiyo koki imefunguka, na maji yanayotoka nayo hayakauki upesi.

Saratani karibu zote zinazotokana na aina ya 18 huwa na DNA iliyochomekwa. Kwa aina ya 16, sehemu kubwa huwa hivyo, lakini zipo zinazobaki na maduara huru. Hizo hutumia njia nyingine za kufikia pale pale. Mojawapo ni seli kubandika vikemikali vya methili juu ya vituo vya E2 kwenye DNA ya kirusi. E2 ipo, inatengenezwa, ila haiwezi kutua. Breki nzima, lakini kanyagio halishiki.

Muda, vipimo na chanjo

E6 na E7 peke yake, hata zikiwa nyingi, hazitengenezi saratani kwa siku moja. Zinachofanya ni kuondoa ulinzi, na seli isiyo na ulinzi hukusanya makosa ya DNA kizazi hadi kizazi. Kwa kawaida safari huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani hii. Muda huo mrefu ndio unaoyapa maana mapambano ya uchunguzi wa mapema, na inaniuma kwamba ugonjwa unaotupa miaka mingi hivyo ya kuuzuia bado uliua takriban wanawake 350,000 duniani katika mwaka 2022.

Ukishaelewa utengenezaji wa E6 na E7, vipimo kadhaa vya hospitali hueleweka. Kipimo kinachotafuta DNA ya HPV hujibu kama kirusi kipo. Kipimo kinachotafuta RNA ya E6 na E7 hujibu kama koki imefunguliwa. Halafu kuna p16, protini ya seli ambayo wataalamu wa maabara huitafuta kwa rangi maalumu kwenye vipande vya nyama. Kwa kawaida Rb huizuia p16 isiwe nyingi. E7 ikiiondoa Rb, p16 hufurika. Inajaribu kusimamisha mgawanyiko, lakini mlinzi ambaye ingemsaidia hayupo tena. Rangi ile nzito ya p16 chini ya hadubini ni kivuli cha E7 inayofanya kazi.

Chanjo nayo hueleweka. Zilizopo sasa, ya kwanza ikiwa imeidhinishwa mwaka 2006, zimetengenezwa kwa protini ya ganda, L1, ambayo hujikunja yenyewe kuwa ganda tupu lisilo na DNA. Kinga ikishalijua ganda hilo, hukikamata kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Lakini seli ambayo tayari imechomekwa DNA na inatengeneza E6 na E7 haitengenezi L1, hivyo kingamwili dhidi ya L1 hazina cha kushika. Chanjo hizi huzuia, haziponyi, na ndiyo sababu hutolewa kwa wasichana, na katika nchi nyingi wavulana pia, kabla hawajaanza kujamiiana.

Seli ambazo hazijasahau

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, madaktari walichukua seli za uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ridhaa. Alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Seli zake, ziitwazo HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kugawanyika maabara bila kikomo, na hadi leo zinakua katika maabara nyingi duniani. Miongo kadhaa baadaye ilijulikana kwamba zina DNA ya HPV aina ya 18. Imechomekwa kwenye kromosomu ya 8, jirani na jeni ya ukuaji iitwayo MYC, na E2 yake imeharibika.

Saratani nyingi za viungo vingine hubeba jeni ya p53 iliyoharibika. Katika HeLa jeni ya p53 ni nzima. Protini yake hutengenezwa, kisha E6 huisaga. Rb nayo iko katika hali hiyo hiyo mbele ya E7. Mwaka 2000 Edward Goodwin na Daniel DiMaio wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio ambalo kila ninapolisoma hunigusa: waliziingizia seli za HeLa jeni ya E2, yaani waliirudishia koki breki yake. Uandishi wa E6 na E7 ulizimika. p53 ilijikusanya tena, Rb ikarudi kazini, na seli zilizokuwa zimegawanyika kwa karibu miaka hamsini zikaacha kurudufu DNA na kuingia uzeeni. Mwaka 2002 watafiti wengine walitumia vipande vidogo vya RNA kuangamiza ujumbe wa E6 na E7 wa aina ya 16, nao waliona p53 ikirudi pale E6 iliponyamazishwa, na seli zikifa pale E7 iliponyamazishwa.

Hadi leo wanaotafuta tiba huhangaika na protini hizo mbili kwa njia tofauti: wengine wanatafuta chanjo za kuiamsha kinga dhidi ya seli zenye E6 na E7, wengine wanajaribu mikasi ya jeni ili kuikata DNA yenyewe mahali ilipochomekwa. Katika chombo cha maabara mambo hayo hufanyika. Kikwazo ni kuifikisha dawa kwenye kila seli ya uvimbe ndani ya mwili wa mtu, kwa sababu seli moja iliyorukwa bado ina koki yake wazi.